Kwale au Taita: Siku Tatu za Kutoka Mjini

Kila Agosti shule zikifungwa, nyumbani kwetu Mombasa huzuka ubishi uleule. Dadangu anataka Kwale. Mimi nataka Taita. Watoto wanataka popote penye ndovu. Mama, ambaye magoti yamemchoka, hutuacha tumalize maneno kisha huuliza, "Na choo kiko mbali?" Zamani nilikuwa nikicheka. Baada ya kwenda na kurudi kote kuwili mara kadhaa, nimeona swali lake ndilo la kuanzia. Kwa uzuri wa macho kaunti hizi hazishindani. Kinachoamua ni miguu ya watu mnaosafiri nao, idadi ya usiku mlio nao, na mwezi.

Sisi watu wa kisiwani tumezijua kaunti hizi kwa mfereji kabla ya kuzijua kwa macho. Maji ya Mzima, yanayochimbuka chini ya miamba ndani ya Tsavo Magharibi, husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Maji ya Marere hutoka Shimba Hills, Kwale. Ukimwambia Mtaita kwamba unatoka Mombasa, usishangae akikuuliza kama yale maji yao yanafika vizuri, maana bomba linapita kwao na wengine wao bado wanachota kisimani. Ni utani, lakini una ncha.

Njia ya kwenda

Kwale ni jirani. Unavuka feri Likoni, unapanda matatu ya Kwale, pale Kombani gari linaiacha barabara ya Lunga Lunga na kuanza kupanda, na kabla hujamaliza pakiti ya karanga umefika. Ni kilomita 30 na kitu kutoka kisiwani, na lango la hifadhi ya Shimba Hills liko mbele kidogo ya mji. Mwenye gari asiyetaka foleni ya feri siku hizi anazunguka kwa Dongo Kundu. Ukaribu huo ndio silaha kubwa ya Kwale: unaweza kwenda asubuhi, ukaona msitu, ukala samaki mchana, na usiku ukalala kitandani kwako.

Taita huwezi kuifanya hivyo, na anayejaribu hujiudhi bure. Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 hivi kwa barabara ya Nairobi, barabara yenye malori ya bandarini yasiyoisha. Mimi hupenda treni ya asubuhi ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ile inayosimama vituo vya njiani. Ukishapita Mariakani minazi inapungua, udongo unageuka mwekundu, na mwenye bahati ya dirisha huwaona ndovu wa Tsavo waliojipaka vumbi mpaka wakafanana na matofali. Kituo kiko nje ya mji wa Voi, kwa hiyo unashuka na kutafuta bodaboda au tuktuk.

Hapo Voi ndipo wengi wanapokosea. Wanalala mjini, wanaingia Tsavo Mashariki siku moja, joto linawapiga, wanarudi Mombasa na kusema Taita ni kukavu. Hao Taita hawajaifika. Tsavo ni mbuga, na mbuga mbili hizo, Mashariki na Magharibi, zimemeza zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti nzima. Lakini Taita yenyewe iko juu, na kuifikia lazima upande gari la Wundanyi, mji ulio milimani.

Mara ya kwanza niliketi kiti cha pili nyuma ya dereva. Tulipopita Mwatate, mashamba ya mkonge yamenyooka kama mistari ya daftari, gari likaanza kona. Dereva alipiga honi kabla ya kila kona, kisha akatulia kusikiliza kama kuna anayejibu kutoka juu. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa amepakata jogoo, na kila tukipinda kulia jogoo alinyoosha shingo kushoto, kama vile yeye ndiye anayelisawazisha gari. Kwenye kona ya nne au ya tano abiria wakaanza kufunga madirisha, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana neno. Mtu wa Pwani na kufunga dirisha la matatu! Nilishangaa. Dakika chache baadaye nikafunga langu, nikatafuta leso begani.

Msitu na msitu

Kote kuwili utaingia msituni, lakini si msitu wa namna moja.

Shimba Hills imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Ni msitu na nyika zimechanganyika, juu ya kilima kinachopigwa na upepo wa bahari, na asubuhi mara nyingi huamka na ukungu ambao hauelezeki kwa mtu aliyetoka Likoni akitokwa jasho. Fahari yake ni palahala. Dume lake ni jeusi, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi nyuma kama majambia mawili. Kenya nzima huyo mnyama haishi porini mahali pengine isipokuwa hapo. Ndovu wapo wengi, na kuna wakati walizidi nafasi, hata mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likawapakia baadhi yao kwenye malori na kuwahamishia Tsavo Mashariki. Kwa hiyo ukimwona ndovu mwekundu dirishani mwa treni, huenda nyanyake alikuwa Mdigo, mwenyeji wa Kwale.

Kitu cha kufanya pale, kama miguu inakubali, ni kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick. Maji yanaanguka mita 21 ndani ya bonde lenye kivuli, na chini kuna bwawa ambalo watoto hulikimbilia wakiwa bado na viatu. Huteremki peke yako. Askari wa wanyamapori mwenye bunduki anakutangulia, kwa sababu ndovu nao hutumia njia hiyohiyo na hawana desturi ya kupisha. Safari moja tulikuta lundo la kinyesi katikati ya njia. Nikauliza, "Afande, hiki mbona bado kinatoa moshi?" Akanijibu bila kugeuka, "Mwenyewe hajafika mbali, dada." Tangu hapo sikusikia tena mtoto yeyote akilalamika kwamba amechoka.

Kuteremka ni raha. Tabu ni kurudi. Njia ni ya kilomita 2 hivi, mwinuko ni mkali, na baada ya mvua udongo unateleza kama sabuni. Mama tulimwacha juu kivulini na chupa ya chai. Tulipomrudia tukitweta alikuwa ametazama bahari upande mmoja na nyika upande wa pili, na akatuarifu kwamba amewaona twiga wawili. Sisi tuliotembea hatukuwa tumeona hata ngiri. Nalisema hili kwa ajili ya wenye wazee: Shimba Hills mtu anaweza kuifaidi akiwa ndani ya gari au kwenye kiti, na hilo ni jambo kubwa.

Jirani yake kuna Mwaluganje, hifadhi ya ndovu inayomilikiwa na wenyeji. Wakulima waliochoshwa na ndovu kula mahindi yao waliunganisha mashamba, wakayaacha yawe njia ya wanyama, wakawa wanagawana kinachopatikana langoni. Pia hutengenezwa karatasi kwa mavi ya ndovu. Dadangu alinunua kadi, akaipeleka kwa mkwewe kabla ya kumwambia imetengenezwa na nini. Kuna pia mitapo ya kale, ile mimea yenye shina la mnazi na majani ya chuma, ambayo mtu hupita akidhani ni minazi iliyodumaa.

Sasa njoo Taita. Juu ya Wundanyi misitu imebaki vipande vipande kati ya mashamba, na mkubwa unaofikika kwa urahisi ni Ngangao, kama hekta 120 tu. Ni mdogo, lakini milima hii ni ya safu ileile inayoendelea Upare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa upande wa Tanzania, safu iliyokaa na ukungu wake kwa mamilioni ya miaka hata viumbe wake wakawa wa peke yao. Apalis wa Taita, kindege cha kijivu chenye mkia mrefu, haishi popote duniani ila katika misitu hii, na amebaki mchache mno. Ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda vyunguni madirishani lina ndugu yake wa porini katika msitu wa Mbololo. Nenda na kijana wa hapo anayejua ndege kwa sauti. Bila yeye utatembea saa 2 chini ya miti mikubwa yenye kuvu na kurudi ukisema msitu mzuri, basi.

Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Kuna minara ya mawasiliano juu, kwa hiyo kuna njia ya gari, na asiyeweza kupanda kwa miguu anafika. Kukiwa kweupe alfajiri utaiona Kilimanjaro. Kukiwa na ukungu utaona mkono wako. Nimekwenda mara 3, nikauona mlima mara 1, na nitakwenda tena.

Lakini nikiulizwa nini hasa cha kufanya Taita, sitaji kilele. Natembea. Kati ya vijiji vya Wundanyi kuna vijia vinavyopita kwenye matuta ya mboga, kando ya vijito na mifereji ya kunyweshea, katikati ya migomba na miparachichi, na kila mita 100 mtu anakusalimu na kutaka kujua wewe ni wa nani. Huko hakuna ada ya kuingia wala lango. Mtoto anayetaka ndovu atachoka baada ya nusu saa, huo ni ukweli. Mpwa wangu wa miaka 6 alichangamka asubuhi ya kwanza tu, alipoona pumzi yake inatoka kama moshi. Akakimbia jikoni kwa mwenye nyumba: "Nyanya, nawaka ndani!"

Waliotutangulia

Kwa mambo ya kale, Kwale ina mahali pawili ambapo ningempeleka mgeni yeyote. Pa kwanza ni Kaya Kinondo, kusini ya Diani, msitu mtakatifu wa Wadigo wa hekta 30 hivi. Kaya za Mijikenda ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na Kinondo ni mojawapo. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unaambiwa usichume hata jani na usitoke na kitu, halafu unaingia kivulini na mzee anayekueleza mti huu hutibu nini na ule huombwa nini. Wadigo wengi ni Waislamu na kaya bado ni yao. Mzee wetu alilieleza hilo kwa utulivu, bila kulitetea. Sauti ya baharini inasikika, hoteli za Diani ziko karibu tu, na bado ndani ya msitu ule watu hushusha sauti wenyewe.

Pa pili ni Shimoni, kwenye pango la matumbawe ambalo watumwa walifungiwa kabla ya kupakiwa majahazini. Pete za chuma zimo ukutani. Ni ziara fupi, na si ya watoto wadogo sana.

Taita historia imetawanyika, unaitafuta mwenyewe. Katika miamba ya vilima kuna mapango ambamo Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao: mtu alizikwa, baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kupelekwa pangoni kukaa na wenzake wa ukoo. Bado yapo, yamepangwa yakitazama nje. Usiende bila mwenyeji, usiguse, na kabla ya kuinua simu kupiga picha uliza. Ni jamaa za watu.

Darajani Tsavo ndipo simba wawili wasio na manyoya shingoni walipowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Ngozi zao ziko makumbusho huko Chicago, na kwenyewe utaona daraja na mto tu, kwa hiyo sipendekezi kuzunguka kwa ajili hiyo peke yake. Afadhali vita. Upande wa Taveta, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa mlangoni kwa watu: Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, wengi wao vijana wapya kutoka Afrika Kusini, lilitimuliwa kwenye kilima cha Salaita na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Reli ya Voi hadi Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Kuna makaburi yanayotunzwa vizuri Voi, Maktau na Taveta, mawe meupe yenye majina. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita ile, na wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, hawana mawe namna hiyo. Hao ndio walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, wakaacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Mjomba wangu, ambaye hapendi makumbusho, alisimama pale Taveta nusu saa.

Bahari, na maziwa mawili

Hapa Kwale inashinda waziwazi, kwa masharti. Kutoka Shimoni unapanda mashua hadi kisiwa cha Wasini na mbuga ya bahari ya Kisite-Mpunguti, kwenye pomboo na matumbawe. Wasini kina mama wamejenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale na mikoko. Unatembea juu kwa juu huku kaa wakikimbia chini yako. Gazi nako kuna daraja kama hilo la kina mama, ndani ya mikoko, na kijiji hicho kina mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, unaouza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na kuingiza fedha katika maji na shule. Mama alipapenda Gazi kuliko pote. Daraja ni tambarare, lina kivuli, na choo, alisema, kiko karibu.

Sharti ni upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni kusi, na kusi likichachamaa bahari ya Shimoni si ya watu wa kutapika. Maji huwa meupe na matulivu wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Hoteli haitakwambia hili kwenye simu. Nahodha atakwambia, ukimuuliza kabla hajapokea pesa.

Taita-Taveta ina maziwa mawili mpakani mwa Tanzania. Chala ni ziwa ndani ya shimo la volkano. Unakuja kwenye nyika kavu, unapanda ukingo, na ghafla chini ya miguu yako kuna maji, buluu iliyoiva karibu na kijani, yamezungukwa na kuta za mwamba pande zote. Nusu ni Kenya na nusu ni Tanzania, na simu yako itaanza kupokea ujumbe wa kukukaribisha ng'ambo hata kama hujasogeza mguu. Kuna kijia cha kuteremka hadi majini. Kina ni cha makumi ya mita mara moja kutoka ukingoni na mamba wamewahi kuua mtu humo, basi tazama, loweka macho, usiogelee. Jipe ni ziwa jingine kabisa, bapa, limezingirwa na matete, milima ya Upare nyuma yake, viboko na ndege tele. Nililifurahia kwa saa 1. Dadangu alisema lingefaa kama lingekuwa na chumvi.

Njiani Taveta utaliona jumba la Grogan juu ya kilima, la yule Mwingereza aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Likutoshe kwa picha. Siku ya soko Taveta, Jumatano na Jumamosi, ndiyo ya kupangia safari: ndizi mikungu kwa mikungu, vitunguu, vitenge vya ng'ambo, shilingi za nchi mbili zikibadilishana mikono bila mtu kuangalia hesabu mara mbili. Mimi hununua mchele, kisha najuta mzigo kona za Wundanyi.

Kula na kulala

Kwale unakula Pwani kama nyumbani: samaki wa kupaka, wali wa nazi, muhogo wa nazi, viazi vya karai barabarani, korosho za Msambweni, machungwa ya Shimba Hills yanayouzwa kwa vikapu kando ya lami. Hutakula kitu kigeni ila utakula vizuri. Taita kuna kimanga, muhogo au ndizi vikipondwa na maharagwe mpaka vishikamane, chakula ambacho ukikila saa 4 asubuhi huulizi cha mchana. Mboga za majani ni mbichi kweli. Zile unazonunua sokoni Kongowea, Mombasa, zimechoka na safari, hizi bado zina umande. Samaki usiagize.

Kulala ni bei, na bei inatokana na Diani. Vyumba vya Kwale vilivyo karibu na bahari vinapanda msimu wa sikukuu, wakati Kwale mjini na vijiji vya ndani ni nafuu ila vichache. Wundanyi nyumba za wageni ni za kawaida na bei ni ya chini, lakini uliza maswali mawili kabla ya kulipa: blanketi ni ngapi, na maji moto yapo kweli? Nilishawahi kulipia chumba kilichoandikwa ukutani "maji moto saa 24". Asubuhi bomba lilitoa maji ya barafu na sauti ya kukohoa. Nikashuka jikoni na ndoo.

"Shikamoo mama. Maji moto nasikia yapo?"

"Marahaba mwanangu. Yapo, ndiyo haya." Akaniinulia kifuniko cha sufuria kubwa juu ya kuni. "Saa 24 hayazimiki. Tatizo hayapandi ngazi."

Kwa mbuga, zote za kaunti mbili, ada hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, si kwa noti mkononi. Fungua akaunti na ulipie ukiwa bado mjini. Nimewaona watu wazima wamesimama langoni wameinua simu juu kama wanaomba mvua, wakitafuta mtandao. Shimba Hills ni hifadhi ndogo, nusu siku inatosha. Tsavo Mashariki ukiingia kwa lango la Voi utahitaji gari la kukodi na siku kamili, kwa hiyo hesabu ya familia hubadilika hapo.

Basi nani aende wapi

Mwenye siku moja, asifikirie mara mbili: Kwale. Mwenye usiku mmoja pia Kwale, msitu siku ya kwanza na Gazi au Kinondo ya pili. Wenye watoto wa chini ya miaka 8, wenye wazee, na wenye harusi ya kuwahi Jumapili, Kwale.

Usiku 2 hapo ndipo ubishi unapoanza, na mimi nasema Taita, zote Wundanyi, Tsavo uiache. Usiku 3, Wundanyi mbili na ya tatu Taveta kwa ajili ya soko na Chala, ukirudi kwa lami ya Mwatate. Anayejaribu kuunganisha Kwale na Taita katika safari moja atatumia likizo yake kwenye foleni ya malori Mariakani.

Mwenye pumu au anayeumwa viungo na baridi afikirie vizuri kabla ya kupanda Wundanyi Julai na Agosti. Wakati huo jua linaweza kukosekana hata siku 2 mfululizo. Mwenye kuugua bahari asipange Wasini miezi hiyohiyo. Kwa masika, Aprili na Mei, vijia vya Taita na njia ya maporomoko ya Shimba vyote vinateleza, na hapo afadhali ukae nyumbani uoge maji ya Mzima, yakitoka.

Mwaka huu dadangu aliniletea hoja za pomboo. Nikampigia nahodha wa Shimoni simu mbele yake, nikaweka spika. Nahodha akacheka, akasema kusi bado liko, dada aje Januari. Kwa hiyo Agosti ni Wundanyi, Januari ni Wasini, na mama ameshaanza kufuma sweta. Ameniagiza nimpigie yule mama wa jikoni nimuulize vyumba vya chini vina choo ndani.